Kisoma Msimbopau: Chombo na Istilahi Zake

Miongoni mwa vyombo vilivyoingia madukani kabla ya kupata majina yaliyotulia ni kile kifaa cha mkononi ambacho muuzaji hukielekeza kwenye mistari myeusi iliyochapwa juu ya bidhaa, kikalia, na bei ikatokea. Wengi hukiita skana. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwanza jinsi kinavyofanya kazi, kisha tutazame istilahi zake. Kwani istilahi iliyoundwa bila ya kukifahamu chombo humpotosha mfasiri, na mfasiri naye huwapotosha wengi.

Wazo la mistari hiyo ni la Wamarekani wawili, Norman Joseph Woodland na Bernard Silver, waliopewa hataza mwaka 1952. Hata hivyo, mistari ya namna tunayoiona leo ilianza kutumika dukani tarehe 26 Juni 1974, pakiti ya chingamu iliposomwa katika mji wa Troy, jimbo la Ohio.

Mistari hiyo, ambayo hapa tutaiita pau, ni namba iliyoandikwa kwa namna nyingine. Bidhaa nyingi zinazouzwa kwetu hubeba namba yenye tarakimu 13. Tarakimu 12 kati ya hizo huchorwa kila moja kwa pau mbili nyeusi na nafasi mbili nyeupe, zenye unene unaotofautiana. Tarakimu ya kwanza haichorwi peke yake. Hutambulikana kwa mtindo uliotumiwa kuchora zile sita zinazoifuata.

Muuzaji akibonyeza kitufe, kifaa hutoa mwanga, ambao mara nyingi huwa mwekundu. Sehemu nyeupe huurudisha mwanga huo, na sehemu nyeusi huumeza. Ndani ya kifaa mna kipokezi kinachogeuza mwanga unaorudi kuwa umeme, ukiwa na nguvu palipo peupe na hafifu palipo peusi. Kwa kulinganisha unene wa pau na nafasi, kifaa huzipata tarakimu, na kuzipeleka kwenye kompyuta kama kwamba muuzaji amezichapa kwa vidole. Ndiyo sababu pau zilizochapwa kwa wino mwekundu hazisomeki: mbele ya mwanga mwekundu, wekundu na weupe ni hali moja.

Kabla ya kuikubali namba, kifaa huikagua. Tuchukue namba ya mfano 6201234567893. Tukijumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea hadi ya kumi na moja, tunapata 26. Tarakimu ya pili, ya nne na kuendelea hadi ya kumi na mbili zinafanya 27. Tukizidisha kwa 3 tunapata 81. Jumla ya yote ni 107, na ili kufikia 110 inahitajika 3, ambayo ndiyo tarakimu ya mwisho. Tarakimu moja ikisomwa vibaya, hesabu haipatani, na kifaa hakilii.

Hapa ndipo penye jambo ambalo tungependa msomaji alishike: katika yote hayo hamna bei. Tuchukue mfano wa Omurushaka, mji wa biashara wilayani Karagwe, kwenye barabara iendayo Kyerwa hadi Murongo, mpakani mwa Uganda. Maharage na ndizi za mashambani hazina pau. Lakini sabuni, biskuti na kahawa ya kopo kutoka kiwandani Bukoba zina pau. Sabuni ya aina moja ikiuzwa katika maduka mawili yanayotazamana, namba yake ni moja, ingawa bei zaweza kuwa mbili. Bei imo katika orodha ya bidhaa ambayo mwenye duka ameiweka kwenye kompyuta yake. Asipokuwa na orodha hiyo, kifaa hakimfai kitu. Kwa hiyo mnunuzi akitozwa zaidi ya bei iliyobandikwa, swali ni nani aliyeandika orodha, wala si mashine imesema nini. Kukiita chombo hiki “mashine ya bei” ni kumnyima mnunuzi swali lake.

Kadhalika tarakimu tatu za mwanzo. Zile 620 ni za Tanzania na 616 ni za Kenya, lakini huonyesha tu taasisi ya nchi gani iliyotoa namba. Kahawa iliyovunwa Karagwe na kufungashwa ng'ambo yaweza kubeba namba ya ng'ambo. Si sahihi kuzifasiri kuwa “namba ya nchi bidhaa ilikotengenezwa”.

Sasa tuziangalie istilahi. Msimbopau limekwisha kuenea, nasi tunaliunga mkono. Msimbomilia nalo lina hoja, lakini mlia ni rangi tu, hali pau, kama zile za paa la nyumba, ni kitu chenye unene. Na unene ndio unaosomwa. Kwa chombo chenyewe, kitenzi kinachofaa ni kusoma. Kuchanganua ni kazi kubwa zaidi. Kupiga picha kunafaa kwa vile vifaa vinavyosoma msimbo wa mraba, uliobuniwa Japani mwaka 1994, lakini si kwa vifaa vyote. Tukifuata mfano wa kipima joto na kipaza sauti, tunapata kisoma msimbopau. Skana litaendelea kutumika katika mazungumzo, wala halina ubaya.

Kwa muhtasari, tunapendekeza:

Msimbopau: namba ya bidhaa iliyochorwa kwa pau na nafasi.

Kisoma msimbopau: kifaa kinachosoma namba hiyo kwa mwanga.

Tarakimu ya ukaguzi: tarakimu ya mwisho, inayothibitisha usomaji.

Orodha ya bidhaa: kumbukumbu ya duka yenye majina na bei.

Mashine ya kutolea risiti za kodi, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2010, ni chombo kingine, na hapana budi ibaki na jina lake. Wasomaji wenye maoni tofauti, hasa walimu na wafasiri, wanakaribishwa kuyaleta pamoja na sababu zao.