Mahindi chumbani: Kuvu yala afya na mfuko wa mkulima

MVUA za masika zinaponyesha Kaole, wilayani Bagamoyo, unyevu wa pwani huingia hadi ndani ya nyumba. Mkulima asiye na ghala huweka magunia ya mahindi chumbani, sakafuni kando ya ukuta, akihofia wezi na mvua. Yakiwa hayajakauka vizuri, kuvu huanza kuota.

Madhara ya kwanza ni ya mapafu. Anayepepeta au kuhamisha mahindi hayo huvuta vumbi la kuvu, ambalo huleta kikohozi na kuchochea pumu kwa aliye nayo. Anayelala chumba hicho huvuta hewa hiyo usiku kucha.

Hatari kubwa zaidi ni kuyala. Baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupikwa. Ikiliwa kwa wingi huharibu ini. Kwa kuwa ini ndilo hutengeneza viini vya kugandisha damu, mgonjwa aliyezidiwa huweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huweza kuleta saratani ya ini.

Hayo si maneno ya kutishana. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao walifariki dunia. Mwaka 2016 watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Soko nalo halisamehe. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa siku kadhaa kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu kwa sharti kwamba yasizidi mikrogramu 10 kwa kilo.

Kinga yake ni nafuu. Anika mahindi juu ya turubai, si ardhini. Kupima ukavu, tia chumvi iliyokaangwa ikakauka na mahindi kidogo katika chupa kavu, tikisa, kisha subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, anika tena. Yakikauka, tumia mifuko isiyopitisha hewa, au panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta na chumba cha kulala.

Yaliyoota kuvu usiwape kuku wala ng'ombe, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa. Yafukie.