Mazoezi ya Pamoja na Chakula cha Nyumbani

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mwili na akili: juu ya watu kukusanyika ili wafanye mazoezi ya viungo pamoja, na juu ya yale tunayoyatia katika sufuria zetu. Huenda wengine wenu wasema, hayo ni mambo ya vijana wa mjini wanaolipa pesa ili watoke jasho. Twawasihi mtusikilize kidogo kwanza.

Tuanze na makondakta wa mabasi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, aliwachunguza maelfu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Yalikuwa mabasi ya ghorofa mbili. Dereva alikaa kitini kutwa. Kondakta naye alipanda na kushuka akikata tiketi, vidato 500 hadi 750 kwa siku ya kazi. Watu hao wawili walifanya kazi katika basi moja, lakini taarifa iliyochapishwa mwaka wa 1953 ilionyesha kwamba makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva, na walipopatwa haukuwa mkali kama wa madereva.

Watu wakauliza, je, si kwamba madereva walikuwa wanene tangu mwanzo? Morris akaenda kuangalia vipimo vya viuno vya suruali walizogawiwa na kampuni! Kweli madereva walikuwa wanene zaidi. Hata hivyo, alipoendelea kuchunguza aliona kwamba kondakta mnene alikuwa na nafuu kuliko dereva mnene, na kondakta mwembamba kuliko dereva mwembamba. Ngazi zile zilikuwa na faida yao.

Sasa tujiulize: katika basi hili la maisha, wengi wetu tumekuwa nani? Mama zetu waliteka maji mtoni, wakalima, wakatwanga, wakaenda sokoni kwa miguu. Hatusemi taabu ile irudi, maana ilivunja migongo ya wengi. Lakini siku hizi maji yamo mferejini, unga hutoka dukani, na hata safari ya nusu maili twaita pikipiki. Twakaa ofisini, twakaa dukani, twakaa katika matatu, kisha jioni twakaa mbele ya televisheni. Uchunguzi uliofanywa katika nchi yetu ya Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la damu, ile tuiitayo presha, na wengi wao hawakujua.

Presha haibishi hodi. Mtu hulala mzima, na alfajiri mkono mmoja haumtii tena, na maneno yamekwama mdomoni. Basi nyumba nzima imebadilika siku hiyo. Binti aliyekuwa akifanya kazi mjini anarudi kumwogesha baba yake, ng'ombe anauzwa, karo ya mtoto wa mwisho inasubiri. Twayajua mambo haya katika kila kijiji. Si kila kiharusi kinaweza kuzuiwa, na twakataa kabisa desturi ya kumlaumu mgonjwa kitandani pake. Lakini vingi huzuilika, tena kwa njia zisizohitaji fedha nyingi.

Kwa nini basi tunasema mazoezi ya pamoja, wala si kila mtu peke yake uani kwake? Kwanza, kwa sababu ya udhaifu wetu. Mtu akiazimia peke yake kuamka saa kumi na moja atembee, wiki ya kwanza ataamka, ya pili mvua itanyesha, na ya tatu atakuwa na sababu nyingine. Akijua kwamba jirani zake wanamngoja penye lango, ataona haya kubaki kitandani. Waangalieni wanariadha wetu kule Iten. Wangeweza kukimbia mmoja mmoja, maana barabara zipo, lakini asubuhi mtawaona wakienda kundi zima, aliye hodari akimvuta aliye nyuma. Naye Eliud Kipchoge alipokimbia masafa ya marathoni chini ya saa mbili kule Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, walikuwapo wakimbiaji 41 waliopokezana kumwongoza na kumkinga upepo.

Tena kuna jambo la akili. Mwaka wa 2010 ilichapishwa taarifa juu ya wapiga makasia 12 wa Chuo Kikuu cha Oxford. Walivuta mashine za mazoezi kwa dakika 45, mara nyingine kila mtu peke yake, mara nyingine wakivuta pamoja kwa mpigo mmoja. Kisha mkono wa kila mmoja ulibanwa kwa kile kitambaa cha kupimia presha hadi aseme anaumia. Wakiisha kuvuta pamoja walistahimili maumivu zaidi, ingawa kazi ilikuwa ile ile. Wataalamu wanadhani kwamba kutenda kwa mpigo mmoja kunaufanya mwili utoe kwa wingi zaidi ile dawa yake ya asili ya kutuliza maumivu. Ni watu 12 tu, nasi hatujengi nyumba kubwa juu ya msingi huo. Lakini aliyewahi kupalilia shamba na wenzake huku wakiimba hatashangaa.

Wengine watauliza, je, kanisa lahusika? Kumbukeni YMCA. Ilianzishwa London mwaka wa 1844 na George Williams na wenzake, vijana waliofanya kazi katika duka la nguo, na kusudi lao la kwanza lilikuwa sala na kusoma Biblia. Lakini kabla ya miaka hamsini kupita, chama hicho huko Marekani kilikuwa na kumbi za mazoezi, na mwaka wa 1891 Luther Gulick alipendekeza alama ya pembetatu: roho, akili na mwili. Mwaka huo huo, katika chuo chao cha Springfield, James Naismith alibuni mpira wa kikapu kwa ajili ya darasa la wanaume waliochoshwa na mazoezi ya ndani wakati wa baridi. Hivyo jumba la kanisa linalokaa tupu Jumanne jioni laweza kutumika bila kulikosea heshima.

Darasa lenyewe si gumu. Madaktari wanashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani unahema kidogo, unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Jioni mbili za dakika 45 zatoa dakika 90. Zile 60 zilizobaki, tembea kwenda sokoni na kurudi. Anzeni polepole, kutembea papo hapo na kuzungusha mabega, kisha mwongeze mwendo, kisha kuketi na kuinuka kitini mara kumi, na mwisho kujinyoosha. Bibi mwenye magoti mabovu na afanye akiwa ameketi, wala asichekwe. Mwenye presha, sukari au moyo na apite kwanza zahanati. Juu ya mavazi, twaomba msipoteze mkutano mzima mkibishana. Nguo pana na viatu vya chini vyatosha. Kwa akina baba twasema hivi: mara nyingi akina mama hufika thelathini na ninyi wawili, nayo presha haiwaogopi wanaume.

Tukija jikoni, ugali hauna hatia. Wakimbiaji wetu hula ugali, tena mwingi, pamoja na sukuma wiki na maharagwe. Lakini wao huuchoma wote njiani. Anayekaa kitini na apunguze bonge, aongeze managu, terere, kunde au mchicha hata mboga zijaze nusu ya sahani. Uchunguzi ule wa 2015 ulionyesha kwamba watu wazima 94 kwa kila 100 hawakufikisha kiasi cha matunda na mboga kinachoshauriwa, nasi tunaishi katika nchi ya maembe, mapapai na ndizi! Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, pamoja na ile iliyomo katika mkate na vikolezo vya pakiti. Isiwekwe mezani.

Na chakula chagusa akili pia. Huko Australia watu 67 waliokuwa na huzuni kubwa, ile ya ugonjwa, waligawanywa mafungu mawili kwa majuma 12. Fungu moja walifundishwa kula mboga, matunda, maharagwe, samaki na nafaka zisizokobolewa. Fungu la pili walipata mtu wa kuzungumza naye. Taarifa ya mwaka wa 2017 ilisema kwamba karibu theluthi moja ya fungu la kwanza waliondokewa na ugonjwa, na katika fungu la pili ni 8 tu kwa mia. Wengi wao waliendelea na dawa zao, basi mtu asitupe vidonge kwa ajili ya sukuma wiki.

Limebaki jambo moja, la chai ya baada ya ibada: vijiko vinne vya sukari, mandazi mawili, na soda kwa wageni. Hatutaki kuwanyima watu ukarimu. Kamati ya chai yaweza kuleta sukari kando badala ya kuipika ndani ya birika, na kuweka nduma, viazi vitamu na ndizi mbivu karibu na mandazi. Na katika darasa la Jumanne pawe na daftari la majina. Mtu asipoonekana mara mbili, Jumatano wawili wamwendee nyumbani, wamwulize kama ni mgonjwa, au kama ni mvua tu.