Nguvu farasi 200 kwenye hewa ya Kolwezi

Pikipiki ya Yamaha R1 ya mwaka 2015 ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 200 na uzito wa kilo 199. Boxer 150, ile inayobeba abiria na magunia mjini Kolwezi kutwa nzima, ina 12. Kijana mwenye dola mkononi huanzia hapo. Mimi ningeanzia kwenye hewa.

Kolwezi iko mita 1,400 na ushei juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 84 ya ile ya pwani. Injini isiyo na turbo hupungukiwa kwa kiasi hicho hicho: 200 hubaki 168. Hizo 32 zilizopotea ni karibu nguvu yote inayobaki kwa mdogo wake, R3 ya cc 321, ambaye 42 zake hushuka hadi 35. Mwendo wa mwisho haupungui sana, kwani hewa nyepesi nayo hukinza kidogo. Kinachodorora ni kuchomoka kwenye kona, na ndiko mbio zinakoamuliwa.

Halafu vumbi. Ikizunguka mara 13,500 kwa dakika, injini ya cc 998 huvuta takriban lita 6,700 za hewa kila dakika. Ikifanya hivyo kiangazi, nyuma ya lori la shaba linalotimua udongo mwekundu, nalihurumia chujio lake.

Breki ndizo zinazonitisha. Kwenye lami safi, ukifunga breki kwa g 1 (nguvu sawa na mvuto wa dunia), kusimama kutoka kilomita 200 kwa saa kunataka mita 157. Kutoka 280, mita 308. Na kwa mwendo huo, sekunde moja ya kushtuka imeshakula mita 78 kabla kidole hakijagusa breki. Kwenye barabara ya kwenda Likasi, yenye malori na watembea kwa miguu, hilo halifai hata kujaribiwa.

Basi uwanja wa mbio. Kyalami, Afrika Kusini, una mzunguko wa kilomita 4.5 hivi, lakini ni zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Kolwezi, kupitia foleni za mpakani Kasumbalesa.

Mwaka 2015 Marekani, R1 iliuzwa dola 16,490 na R3 dola 4,990, kabla ya usafiri na ushuru. Kwa asiyelipwa kukimbia, ningechukua R3, na ile tofauti ya 11,500 iende kwenye matairi, safari na ada ya uwanja. Siku injini itakapomkwamisha kabla ya mikono yake, tutazungumza habari za R1.