Kuzoea Si Kinga

Semina ya wajitoleaji wa huduma ya dharura haiishi bila swali hili: itanichukua muda gani mpaka nizoee? Anayeuliza hazungumzii ajali ya basi wala mafuriko. Anazungumzia chumba. Mlango una kufuli upande wa nje, na ndani yumo mzee aliyelazwa juu ya godoro lililolowa mkojo mpaka sponji imeanza kumeguka, vidonda vya kulalia vimechimba mgongoni, ugali wa juzi umekauka kwenye sahani kando ya kichwa. Mratibu wa tawi, mjitoleaji mkongwe, hata tabibu wa zahanati, wote humjibu kwa neno moja: utazoea. Jibu hilo limerudiwa mno hata limekuwa kama sehemu ya mafunzo. Si kweli, na ningelinyamazia kama lisingekuwa linaumiza watu.

Tuanze na kinachozoeleka kweli, maana kipo. Pua huzoea, tena haraka: ukikaa kwenye chumba kinachonuka, baada ya dakika chache harufu inapungua makali kwa sababu neva zenyewe zimepunguza kuitolea taarifa. Damu nayo huzoeleka kwa mtu mwenye kazi ya kufanya mikononi. Neno “utazoea” lina haki yake hapo, na hapo ndipo lilipaswa kukomea. Lakini mjitoleaji anayekosa usingizi siku ya tatu hanyimwi usingizi na harufu, kwa kuwa harufu ameiacha kule kule chumbani. Anachokesha nacho ni hitimisho alilolifikia akiwa amesimama mlangoni: watu walijua. Majirani waliisikia sauti ya mzee ikiita, kisha ikipungua. Kufuli lilifungwa na mkono wa mtu, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu. Hiyo ni hukumu ya akili na dhamiri, na hakuna neva inayoweza kuifanyia mazoezi.

Wataalamu wana jina la hali hii: jeraha la dhamiri. Jonathan Shay, daktari wa magonjwa ya akili nchini Marekani, aliielezea katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam; mwaka 2009 Brett Litz na wenzake wakaipanua ili imhusu pia mtu aliyeshuhudia, au aliyeshindwa kuzuia, jambo linalovunja imani yake juu ya lililo haki. Hofu si kiini chake, ndiyo sababu dawa za hofu hazitoshi. Tazama Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwaka 2023. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, wengi wao watu waliokufa kwa njaa, na habari za mhubiri aliyedaiwa kuwahimiza wafunge hadi kufa zilikuwa zimeshawafikia polisi kabla makaburi hayajachimbuliwa. Kubeba maiti mtu anaweza kukuzoea. Swali la kwa nini habari zilizofika mapema hazikuokoa watu halipungui uzito kwa kubeba maiti nyingi zaidi. Linaongezeka.

Basi wale wakongwe wanaoonekana wamezoea wamefanya nini? Wengi wamejifunza kukaza uso. Mwaka 1993 James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha wanafunzi wa chuo filamu fupi zenye kuchukiza, za matibabu ya majeraha ya moto na ya kukatwa mkono. Baadhi waliambiwa wasionyeshe chochote usoni. Nyuso zilitulia kweli, lakini karaha waliyoisikia moyoni haikupungua hata kidogo, na baadhi ya vipimo vya mwili, kama jasho la ngozi, vilipanda kuliko vya wale walioachwa huru. Sasa chukua zoezi hilo la dakika chache, ulirudie kwa miaka, bila mshahara. Baada ya muda inakuja ganzi halisi, na ganzi ya hisia imo kwenye orodha ya dalili za maradhi yanayofuata mshtuko. Kuihesabu kuwa ukomavu ni kumpongeza mgonjwa kwa homa yake. Anayelipia zaidi ni yule wa kwenye godoro. Mjitoleaji mwenye ganzi hamgeuzi mzee kuangalia mgongo, haandiki kufuli kwenye ripoti, na njiani anatania kuhusu inzi. Na wanaovunjika si wale dhaifu kama inavyosemwa. Herbert Freudenberger, aliyeandika mwaka 1974 juu ya kuzimika kwa watoa huduma katika kliniki za bure zilizotegemea watu wa kujitolea, alionya kwamba walio hatarini zaidi ni wenye moyo wa kazi.

Najua pingamizi. Kwanza, wahudumu wa mochwari mbona wamezoea? Wamezoea maiti, ndani ya jengo lenye zamu, mshahara, na kazi yenye mwisho unaoonekana: mwili umeoshwa, umekabidhiwa, daftari limesainiwa. Mjitoleaji huingia nyumbani kwa mtu, pengine mtaa anaoishi mwenyewe, kisha anatoka bila kujua kilichofuata. Pili, kuna wanaosema anayefanya kwa ajili ya Mungu hapaswi kulalamika; thawabu ni yake na Mola wake, na haimwondolei mratibu wajibu wowote. Pingamizi la tatu lina uzito: kuwakalisha watu na kuwahoji walichokiona ni kuwadekeza. Hapa wakali wako nusu ya njia kuelekea ukweli. Kikao kimoja cha lazima cha kusimulia tukio, kilichopendwa sana tangu miaka ya 1980, kimepimwa na kushindwa. Katika utafiti mmoja wa Wales uliochapishwa mwaka 1997, asilimia 26 ya majeruhi wa moto waliopitishwa kwenye kikao hicho walikuwa na maradhi ya mshtuko miezi 13 baadaye, dhidi ya asilimia 9 ya wasiopitishwa, ingawa waliopitishwa walikuwa wameungua zaidi tangu mwanzo. Shirika la Afya Duniani linashauri kisitumike. Hao walikuwa majeruhi, si waokoaji, lakini hakuna ushahidi unaonipa sababu ya kukipendekeza kwa waokoaji. Hata hivyo, kushindwa kwa dawa hiyo hakuirudishii “utazoea” heshima. Kunaonyesha tu kwamba zote mbili zilikosea ugonjwa: moja iliutafuta kwenye picha alizoziona mtu, nyingine kwenye ulaini wa roho yake, wakati jeraha liko kwenye kesi iliyoachwa wazi.

Hivyo kesi hiyo ifungwe. Wajitoleaji waende wawili wawili, na wasiwe wale wale kila wito wa aina hii. Ripoti iandikwe siku hiyo hiyo, kufuli na vidonda vikiwemo, iende kwa ofisa ustawi wa jamii na si kwa mwenyekiti wa mtaa peke yake. Kama ni mtoto, 116 inapokelewa Tanzania na Kenya, na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa azitoe. Ndani ya wiki, mratibu ampigie mjitoleaji na kumweleza kilichotokea, hata kama ni kibaya, hata kama mwenye ufunguo ni binti anayetoka alfajiri kwenda kibaruani na hana wa kumwachia baba yake; hasira nyingi hushuka zikipata maelezo hayo. Anayetaka kuzungumza apewe mtu wa kumsikiliza, asiyetaka asilazimishwe. Kenya, simu ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Pombe ya baada ya zamu iitwe pombe. Usingizi ukiendelea kukatika, au chumba kile kikiendelea kurudi ndotoni baada ya mwezi, aende hospitali ya wilaya aulize kitengo cha afya ya akili, na asisubiri ruhusa ya tawi.