Seva ya dola 58 na dakika 18 za fundi

Amazon ilifungua mitambo yake ya huduma za wingu kuzunguka Columbus, Ohio, Oktoba 2016. Google ikafuata mwaka 2022. Miji ya Marekani ya Louisville na Buffalo haina kituo cha namna hiyo, lakini mfanyabiashara wa huko anayekodi seva Ohio hulipa bei ileile anayolipa mwenzake wa Columbus. Umbali haumo kwenye ankara. Kinachoibadilisha ankara ni aina ya huduma.

NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilizitaja aina tatu Septemba 2011. Ya kwanza ni mashine tupu: unakodi seva, na kila kilicho ndani yake unakitunza mwenyewe. Ya pili ni jukwaa: mwenye seva anatunza mfumo, wewe unaleta data na programu zako. Ya tatu ni programu kamili: unafungua akaunti na kuanza kazi.

Tuchukue kampuni ya kutuma mizigo ya Wakongomani wa Louisville, yenye wafanyakazi 10 wanaohitaji baruapepe na mahali pa kuweka faili. Dola moja tuihesabu kwa shilingi 130 za Kenya. Google Workspace ya daraja la chini, ambayo ni programu kamili, kwa mkataba wa mwaka, ni dola 7 kwa mtu kwa mwezi: jumla dola 70, yaani shilingi 9,100. Kila mtu hupata gigabaiti 30, hivyo kampuni ina 300.

Kwa mashine tupu ya Amazon yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu, bei ya orodha ni dola 0.0416 kwa saa. Saa 730 za mwezi zinafanya dola 30.37. Diski ya gigabaiti 300 ni dola 24, na anwani ya intaneti dola 3.65. Jumla ni dola 58.02, sawa na shilingi 7,543. Ni nafuu kwa asilimia 17.

Nafuu hiyo ni dola 11.98, na ndani yake hakuna mshahara wa mtu. Nikikadiria fundi wa Louisville kwa dola 40 kwa saa, fedha hizo zinanunua dakika 18 za kazi yake kwa mwezi. Katika dakika hizo atasasisha mfumo, atahakiki nakala za akiba, na kushughulikia barua zinazokwama. Amazon yenyewe hufunga mlango namba 25, unaotumika kupeleka barua, hadi uombe ufunguliwe. Siamini kwamba dakika 18 zinatosha.

Hesabu hiyohiyo Nairobi, kwa fundi wa shilingi 1,000 kwa saa, inatoa saa 1 na dakika 33. Hapo mjadala upo. Ushauri ulioandikwa kwa mishahara ya Marekani haufai kunakiliwa Afrika Mashariki kabla ya kuweka mshahara wa huku.

Jukwaa linakaa katikati. Hifadhidata ya MySQL inayotunzwa na Amazon, kwenye mashine ya ukubwa uleule, ni dola 0.068 kwa saa badala ya 0.0416: ongezeko la asilimia 63. Kwa mwezi ni dola 19.27 zaidi, au dakika 29 za fundi wa Louisville. Kwangu hiyo ni bei nzuri, kwa sababu kurudisha data iliyopotea huchukua zaidi ya hapo.

Kuna dai kwamba unalipia unachotumia tu. Ukiiwasha seva saa 220 kwa mwezi, muda unapungua kwa asilimia 70, lakini ankara inashuka hadi dola 36.80, yaani asilimia 37 tu, kwa kuwa diski na anwani zinalipiwa hata seva ikiwa imezimwa. Tena seva ya barua haizimwi: saa mbili asubuhi Bujumbura, mteja anapoandika, Louisville ni saa nane usiku majira ya joto.

Wauzaji wenyewe hawana uhuru wa kulipia wanachotumia tu. Julai 2025 mamlaka ya huduma za umma Ohio iliamua kwamba vituo vipya vya data vinavyozidi megawati 25, katika eneo la kampuni ya umeme ya AEP Ohio, vilipie angalau asilimia 85 ya umeme vilioagiza hata visipoutumia. Tuseme gharama hiyo ikapandisha bei ya saa ya seva kwa asilimia 10. Kampuni yetu itaongeza dola 3.04 kwa mwezi, ambazo ni chini ya dakika 5 za fundi.