Mmoja, au Wengi?

Ndugu zetu wa pwani wamjua yavuyavu, yule mnyama wa bahari aliye laini kama uji ulioganda, na awashaye akimgusa mtu. Leo twanena habari za jamaa yake akaaye kilindini, aitwaye sifonofora.

Mwaka 2020, wataalamu wa meli ya utafiti iitwayo Falkor walimwona mmoja upande wa magharibi wa Australia, kwenye kina cha mita 630 hivi. Alikuwa amejizungusha majini kama kamba. Duara lake la nje peke yake walilikadiria kuwa na urefu wa mita 47.

Lakini ajabu kubwa si urefu. Kamba hiyo ni wanyama wadogo wengi walioungana kwenye shina moja, kila mmoja na kazi yake. Wako waogeleaji: hao husukuma maji ili jamaa yote isonge mbele, lakini vinywa hawana. Wako walaji, wenye kinywa na mkono mrefu wa sumu wa kunasia windo. Wako na wazazi, ambao kazi yao ni uzazi tu.

Je, asiye na kinywa ataishije? Ndani ya shina mna mfereji. Chakula walichokisaga walaji hupita humo na kuwafikia wote.

Tena hawakukusanyika kutoka huku na huku. Wote hutoka katika yai moja. Yai huwa mtoto, na kwake wengine huchipuka kama machipukizi ya mgomba, wakabaki wameshikamana.

Basi, ni mmoja au wengi? Thomas Huxley, Mwingereza aliyesafiri na meli ya Rattlesnake tangu 1846 hadi 1850, aliwachunguza akasema mnyama ni mmoja, na hao wengine ni viungo vyake. Wataalamu wengine walikataa, wakasema ni jamii nzima. Tukitazama yai, twaona mmoja. Tukitazama umbo la kila mdogo, twaona wengi.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi. Katika makanisa yetu yuko afagiaye sakafu Jumamosi, wala jina lake halitangazwi Jumapili. Twamhesabu kuwa nani? Kule kilindini, mwogeleaji hajapata kutia windo kinywani. Lakini wakila wenzake, naye hushiba.