Kuunga Kompyuta ya Michezo kwa Fedha Kidogo

Kila nirudipo shuleni kuwaamkia walimu, vijana hunizunguka wakaniuliza swali lile lile: "Kaka, nina fedha kidogo, ninunue vyombo gani ili niunge kompyuta ya kuchezea gemu?" Nitawajibu wote hapa, maana jibu lake mimi nililipata kwa hasara.

Mwaka 2022 nilikuwa nimeweka akiba mwaka mmoja na nusu, na dada yangu akanikopesha sehemu ya fedha za duka lake. Nikaenda Kampala mbio, bila kumwuliza mtu. Nikanunua prosesa ya Core i3-12100F, ubao mama, kumbukumbu na sanduku, nikidhani kadi ya picha itangoja. Nyumbani nikaunganisha kila kitu, nikawasha. Feni zikazunguka, lakini kioo kikabaki cheusi. Asubuhi fundi mmoja akanieleza kwamba herufi ile F mwishoni mwa jina maana yake ni kuwa prosesa haina sehemu ya kutoa picha. Muuzaji akakataa kuirudisha. Kompyuta ikalala chini ya kitanda miezi minne, nami nikawa namkwepa dada yangu. Prosesa haikuwa mbovu; kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilianza mahali pasipofaa.

Basi, yafaa kuanza wapi? Kwanza, anza na kioo. Kioo cha kawaida kina nukta 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni mbili. Gemu likionyesha picha 60 kwa sekunde, nukta zaidi ya milioni 124 huchorwa kila sekunde. Kioo cha 4K kina nukta mara nne ya hizo. Mwenye fedha kidogo na aridhike na kile cha kwanza.

Pili, kadi ya picha. Hiyo ndiyo mchoraji wa nukta hizo zote, kwa hiyo itengee fungu kubwa kuliko chombo kingine chochote, hata karibu nusu ya fedha. Mimi hatimaye nilinunua Radeon RX 6600 iliyokwisha tumika, yenye kumbukumbu yake ya GB 8, nayo yatosha kioo changu.

Tatu, prosesa. Kazi yake ni kuhesabu mambo yanayotokea katika gemu: adui yuko wapi, mpira umeangukia wapi. Ikiwa dhaifu mno, kadi hukaa ikiingoja. Ikiwa ya ghali mno, fedha zimepotea bure.

Nne, kumbukumbu ya RAM. Nunua GB 16, nazo ziwe vipande viwili vya GB 8, kwa sababu prosesa husoma vyote viwili kwa wakati mmoja. Tazama pia ubao wako: ubao wa DDR4 haupokei kipande cha DDR5, hata ukilazimisha.

Tano, pawa saplai, ambayo wengi huidharau. Kadi yangu hula wati 132, na prosesa ikifanya kazi kwa nguvu hufika wati 89. Jumla ni 221, bila kuhesabu vyombo vingine. Nilichukua ya wati 500 iliyo imara. Ile ya bei ya chini isiyojulikana ikiungua, yaweza kuua ubao mama na kadi pia.

Na yule ambaye fedha hizo hazimfikii? Asikate tamaa. Atafute kompyuta iliyotumika ofisini, aongeze kumbukumbu na diski ya SSD. Lakini ajihadhari: pawa saplai zake huwa ndogo, na nyingi hazina waya wa kulisha kadi. Hapana budi achague kadi isiyozidi wati 75, inayokula umeme wa ubao wenyewe, kama baadhi ya GTX 1650. Kabla ya kulipa apime nafasi ndani ya sanduku, kisha aombe iwashwe mbele ya macho yake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika orodha yako yote na bei zake kabla ya kununua hata msumari mmoja, umwonyeshe anayejua. Mimi deni la dada nimekwisha kulilipa, na kompyuta ile sasa yeye ndiye aandikiaye hesabu za duka lake mchana. Usiku ni zamu yangu.